Ukimya Katika Bomba: Historia ya Ukomo wa Kusubiri Katika Skripti Zinazozinduliwa na Daemoni za Kumbukumbu za Mfumo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya tatizo moja lililo dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo, yaani namna skripti zinazozinduliwa na daemoni ya kumbukumbu za mfumo zinavyokabili kipindi ambacho hakuna ujumbe wowote unaoingia. Vyanzo vya msingi vilivyotumika ni miongozo ya matumizi, msimbo chanzo wa programu husika na nyaraka za RFC. Hoja kuu ni kwamba hitilafu nyingi zinazohusishwa na ukomo wa kusubiri hazitokani na muda uliowekwa kuwa mfupi au mrefu. Zinatokana na bomba lenyewe, ambalo tangu lilipoundwa halina njia ya kutofautisha utulivu na kifo. Makala inaonesha kuwa watunzi wa 4.3BSD walilitambua tatizo hili na kulipatia jibu la sehemu, kwamba jibu hilo lilififia kadiri vizazi vya programu vilivyofuatana, na kwamba lilirejea baadaye kwa sura ya mkataba wa uthibitisho baina ya daemoni na skripti.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Msimamizi wa mfumo wa kompyuta anayefungua faili ya kumbukumbu asubuhi na kukuta kuwa mstari wa mwisho uliandikwa saa tano usiku hukabiliwa na maana mbili zinazopingana. Huenda usiku ulikuwa mtulivu na hapakuwa na jambo la kuandikwa. Huenda pia skripti iliyopaswa kuandika ilikufa saa tano na dakika moja, na kila kilichotokea baada ya hapo, pamoja na jaribio la mtu kuingia bila idhini, kimepotea. Faili yenyewe haisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Hapo ndipo ulipo uzito wa mada hii. Kumbukumbu za mfumo hutumika kama ushahidi katika uchunguzi wa uhalifu wa mtandao na katika ukaguzi wa taasisi, na ushahidi usioweza kutofautisha kutokuwapo kwa tukio na kutokuwapo kwa shahidi ni ushahidi dhaifu.

Istilahi chache zinahitaji kuelezwa mapema. *Daemoni* ni programu inayofanya kazi chinichini bila kuongozwa na mtumiaji aliye mbele ya kompyuta. *Skripti* ni programu fupi, aghalabu iliyoandikwa kwa lugha kama Perl, Python au bash, ambayo daemoni huizindua ili ichuje jumbe, izitume kwingine au iziweke katika hifadhidata. *Bomba* ni njia ya ndani ya mfumo endeshi inayopeleka baiti kutoka programu moja hadi nyingine. *Ukomo wa kusubiri* ni muda ambao upande mmoja hukubali kukaa bila kupokea chochote kabla ya kuchukua hatua, iwe ni kufunga njia, kujiondoa au kuanza upya. *Bufa* ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo baiti huhifadhiwa kwa muda kabla ya kusomwa au kuandikwa.

2.0 Chimbuko: Bomba Lisilo na Saa

Mwaka 1964 Douglas McIlroy wa Maabara ya Bell aliandika waraka mfupi akipendekeza kuwa programu ziweze kuunganishwa moja kwa nyingine kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Wazo hilo lilitekelezwa na Ken Thompson katika Unix mwaka 1973. Tangu siku hiyo tabia ya bomba haijabadilika kimsingi. Msomaji anayekuta bomba tupu husubiri. Mwandishi anayekuta bomba limejaa husubiri pia. Msomaji hupata baiti sifuri pale tu ambapo waandishi wote wamefunga upande wao, na mwandishi anayeandika katika bomba lisilo na msomaji hupokea ishara ya SIGPIPE au kosa la EPIPE.

Mambo mawili katika tabia hiyo yana umuhimu mkubwa kwa historia yetu. Kwanza, hakuna muda wowote uliotajwa. Bomba halijui saa, na msomaji anaweza kusubiri sekunde moja au mwaka mzima bila mfumo endeshi kuona kasoro. Pili, mwandishi hugundua kifo cha msomaji pale tu anapojaribu kuandika. Ikiwa hana la kuandika kwa saa kumi, anaweza kukaa saa hizo zote akiamini kuwa mwenzake yu hai. Katika mfululizo wa kawaida wa amri za Unix sifa hizi hazikuleta madhara, kwa kuwa programu zote mbili ziliishi kwa sekunde chache na kufa pamoja. Madhara yalianza pale bomba lilipotumiwa kuunganisha programu zilizokusudiwa kuishi kwa miezi.

Daemoni ya kumbukumbu ilizaliwa katika mazingira mengine. Eric Allman, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliibuni syslog kama sehemu ya kazi yake ya kutunga sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Maktaba ya syslog ilionekana katika 4.2BSD ya mwaka 1983, na daemoni iitwayo syslogd ikafuata katika 4.3BSD ya mwaka 1986. Ni 4.2BSD hiyohiyo iliyoleta wito wa `select`, uliowezesha programu kungoja vyanzo kadhaa kwa pamoja na kuweka kikomo cha kungoja. Kwa hiyo, zana ya kupima ukimya na maktaba ya syslog zilitoka katika toleo moja la mfumo endeshi, ingawa ilichukua miaka mingi kabla hazijakutana katika skripti ya msimamizi wa kawaida.

Syslogd ya 4.3BSD haikuzindua skripti yoyote. Iliweza kuandika katika faili, kutuma ujumbe kwa kompyuta nyingine, na kuwaandikia watumiaji waliokuwa wameingia katika mfumo. Aliyetaka kuchakata jumbe kwa programu yake alilazimika kuisoma faili baadaye.

3.0 Alama ya MARK: Jibu la Kwanza

Watunzi wa syslogd walifahamu kwamba faili isiyoandikwa kitu ni faili yenye utata. Suluhisho lao lilikuwa rahisi. Kila baada ya dakika 20 daemoni ilitoa ujumbe wake yenyewe wenye neno MARK, na msimamizi aliweza kubadili muda huo alipoizindua. Msimbo ulikuwa na busara ya ziada, kwani alama hiyo haikuandikwa mahali palipoandikwa ujumbe mwingine ndani ya nusu ya kipindi hicho, yaani dakika 10. Faili yenye shughuli nyingi haikujazwa alama, ilhali faili iliyo kimya ilipata ishara ya uzima.

Jambo hili linastahili kupewa uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Wasimamizi wengi waliiona MARK kama taka inayochafua faili, na wengi waliizima. Kwa mtazamo wa kihistoria, hata hivyo, MARK ilikuwa tamko la kinadharia: ukimya hauna maana mpaka pande mbili ziwe zimekubaliana ni mara ngapi pasipo na habari patasemwa kuwa hapana habari. Msomaji aliyejua kuwa alama huja kila dakika 20 aliweza, baada ya dakika 40 za ukimya, kuhitimisha kwa haki kuwa kuna kilichoharibika. Bila makubaliano hayo, kikomo chochote atakachoweka ni kubahatisha.

Kipengele kingine cha syslogd kilielekea upande wa pili na kuongeza ukimya badala ya kuupunguza. Ujumbe uliorudiwa bila mabadiliko haukuandikwa tena, bali daemoni iliuhesabu na baadaye kuandika mstari mmoja wa kueleza kuwa ujumbe uliotangulia umerudiwa mara kadhaa. Katika msimbo wa BSD vipindi vya kungoja kabla ya kutoa muhtasari huo ni sekunde 30, kisha 120, kisha 600. Kwa binadamu anayesoma faili huu ni msaada. Kwa skripti inayohesabu sekunde tangu ujumbe wa mwisho ni mtego, kwa sababu mfumo unaweza kuwa katika dhoruba ya jumbe zinazofanana huku skripti ikiona utulivu wa dakika 10. Msimamizi anayechunguza skripti inayojifunga wakati wa shughuli nyingi hana budi kuuliza kwanza kama ufupishaji wa jumbe umewashwa.

4.0 Kutoka Bomba Lenye Jina Hadi Amri Inayozinduliwa

Hatua ya kuunganisha daemoni na programu ya nje ilichukuliwa kwa njia tofauti katika mifumo tofauti, na tofauti hizo ndizo zilizozalisha aina mbalimbali za hitilafu.

Katika Linux, kifurushi cha sysklogd kilikubali alama ya mstari wima katika faili ya usanidi kwa maana ya bomba lenye jina, yaani faili maalumu iliyotengenezwa mapema na msimamizi. Daemoni haikuzindua lolote. Skripti ilianzishwa kwa njia nyingine, na daemoni haikuwajibika kwa uhai wake. Katika FreeBSD alama hiyohiyo ilipewa maana nyingine, kwamba kinachofuata ni amri ambayo syslogd huizindua. Mwongozo wa FreeBSD unaeleza kuwa amri huanzishwa pale tu ujumbe wa kwanza unapopatikana, na ikiisha huanzishwa tena inapohitajika. Unaeleza pia kuwa daemoni ikipokea ishara ya SIGHUP hufunga bomba, na mchakato usiojiondoa wenyewe hupelekewa SIGTERM baada ya muda wa subira usiozidi sekunde 60.

Utaratibu wa FreeBSD uliufanya ukomo wa kusubiri ndani ya skripti uonekane jambo la kawaida na salama. Kama daemoni itaizindua skripti upya kila inapohitajika, kwa nini skripti isijiondoe baada ya dakika tano za ukimya na kuachilia kumbukumbu ya kompyuta na miunganisho iliyoshikilia? Hoja hiyo ni ya busara, lakini ina ufa mwembamba utakaojadiliwa katika sehemu ya 5.3.

Mwaka 1998 Balázs Scheidler wa Hungaria alianzisha syslog-ng, iliyoleta lugha mpya ya usanidi na, ndani yake, mahali pa kupeleka jumbe panapoitwa `program()`. Falsafa yake ilikuwa tofauti. Programu huzinduliwa mara moja daemoni inapoanza na inatarajiwa kusoma jumbe katika mzunguko usiokoma. Ikiisha, daemoni huianzisha tena. Katika mazingira haya skripti inayojiondoa kwa sababu ya ukimya huhesabiwa kuwa imeanguka. Skripti iliyokuwa mtumishi mwema chini ya FreeBSD huonekana mgonjwa chini ya syslog-ng, ikifa na kufufuliwa usiku kucha bila hata ujumbe mmoja kupita.

Rainer Gerhards wa Ujerumani alianza rsyslog mwaka 2004 kwa kuuendeleza msimbo wa sysklogd. Programu hiyo ilienea upesi, kwani Fedora iliifanya chaguo la msingi katika toleo la 8 mwaka 2007 na Debian katika toleo la 5.0 mwaka 2009. Rsyslog ilitoa njia mbili. Ya kwanza, inayoandikwa kwa alama ya kofia, huendesha programu mara moja kwa kila ujumbe na kungoja imalize. Hapa hakuna suala la ukimya kabisa, kwa kuwa hakuna mchakato unaongoja, lakini gharama ya kuanzisha mchakato mpya kwa kila mstari ni kubwa, na programu inayochelewa huichelewesha foleni nzima. Ya pili ni moduli ya omprog, inayoshikilia mchakato mmoja kwa muda mrefu na kuulisha jumbe kupitia bomba.

Kwa hiyo, kufikia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, msimamizi aliyehamisha skripti kutoka mfumo mmoja hadi mwingine alihamisha pia dhana iliyofichika kuhusu maana ya ukimya. Skripti haikubadilika hata herufi moja, ilhali mkataba ulioizunguka ulikuwa umebadilika.

5.0 Saa Tatu Zisizopatana: Uchambuzi wa Hitilafu

Skripti inayozinduliwa na daemoni haishughuliki na saa moja. Kuna saa ya daemoni inayoamua lini mchakato umechelewa, saa ya skripti yenyewe, na saa ya huduma iliyo upande wa pili ambako skripti hupeleka jumbe. Hitilafu zilizo nyingi huzuka pale ambapo saa hizi tatu ziliwekwa na watu watatu wasiojuana.

*5.1 Kumaliza muda na kufungwa kwa bomba.* Katika bash, amri ya `read` yenye kigezo cha `-t` hurudisha thamani iliyo kubwa kuliko 128 muda unapokwisha. Bomba likifungwa hurudisha 1. Skripti isiyotofautisha thamani hizo hukosea kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ikichukulia kila kushindwa kuwa ni kufungwa, hujiondoa penye utulivu tu. Ikichukulia kila kushindwa kuwa ni utulivu, daemoni inapofunga bomba skripti huzunguka bila kikomo, ikisoma baiti sifuri na kumaliza nguvu ya kichakataji. Dalili ya hali hii ya pili ni rahisi kuitambua: mchakato wa zamani unaoendelea kutumia kichakataji chote baada ya daemoni kuanzishwa upya.

Bash ina mtego mwingine. Kigezo cha mazingira kiitwacho TMOUT, ambacho taasisi nyingi hukiweka ili kuwaondoa watumiaji walioacha kompyuta zao wazi, hutumika pia kama kikomo cha kawaida cha `read`. Daemoni inayoanzishwa na mfumo kompyuta inapowaka haina kigezo hicho. Msimamizi anapoianzisha daemoni moja kwa moja kutoka katika kikao chake, nayo huweza kurithi mazingira yake na kuyarithisha kwa skripti. Hapo hutokea ajabu ambayo imewachosha wengi: skripti hufanya kazi vema kwa miezi, lakini kila mara msimamizi anapoigusa huanza kufa baada ya dakika 15. Kosa halimo katika skripti wala katika daemoni, bali katika urithi wa mazingira.

*5.2 Bufa inayoficha jumbe.* Skripti nyingi za Python na Perl hutumia `select` kungoja ujumbe, kisha husoma mstari mmoja kwa njia ya maktaba yenye bufa. Jumbe mbili zikifika pamoja, maktaba huzivuta zote mbili kutoka katika bomba, humkabidhi mwandishi wa skripti mstari wa kwanza na kubaki na wa pili. Wito unaofuata wa `select` huuliza mfumo endeshi kama bomba lina kitu, nao hujibu kwa ukweli kuwa ni tupu. Ujumbe wa pili hukaa ndani ya bufa mpaka ujumbe wa tatu ufike au kikomo kitimie. Kwa msimamizi jambo hili huonekana kama ucheleweshaji unaolingana sawasawa na ukomo wa kusubiri, na jibu la kawaida ni kupunguza muda huo. Kupunguza huficha dalili tu. Tiba ni kusoma baiti moja kwa moja na kuzigawa katika mistari ndani ya skripti yenyewe, au kuacha kuchanganya `select` na usomaji wenye bufa.

Upande wa kutoa una tatizo la aina hiyohiyo. Maktaba ya kawaida ya C husukuma matokeo kila mstari unapokamilika iwapo yanakwenda kwenye skrini, lakini yakielekezwa katika bomba au faili hukusanya maelfu ya baiti kwanza. Ndiyo maana skripti iliyojaribiwa kwa mkono huonekana nzima, na ikiwekwa chini ya daemoni huonekana bubu. Skripti yenye jumbe chache usiku inaweza kukaa na ushahidi wa saa kadhaa tumboni mwake, na ikiuawa kwa ghafla ushahidi huo hufa nayo.

*5.3 Ufa wa kujiondoa.* Tuichukue skripti iliyoandikwa kwa uangalifu, inayojiondoa baada ya sekunde 300 za ukimya chini ya daemoni inayoianzisha upya inapohitajika. Baina ya `select` kurudisha jibu kuwa muda umekwisha na mchakato kufunga upande wake wa bomba, hupita muda mfupi sana. Ujumbe ukiandikwa na daemoni katika nafasi hiyo, mfumo endeshi huupokea na kuiambia daemoni kuwa umeandikwa. Kisha skripti huondoka bila kuusoma, na baiti zilizokuwa ndani ya bomba hutupwa. Daemoni haipati kosa lolote, skripti haikuona ujumbe wowote, na hakuna mahali palipoandikwa kuwa kitu kimepotea. Kuongeza muda kutoka sekunde 300 hadi 3,600 hupunguza idadi ya nafasi hizo lakini hakuondoi hata moja kabisa. Aidha, kwa asili yake ufa huu hupoteza ujumbe wa kwanza baada ya utulivu mrefu, ambao mara nyingi ndio unaotangaza kuwa kuna jambo limeanza.

*5.4 Huduma iliyochoka kusubiri.* Saa ya tatu iko nje ya kompyuta. Seva ya MySQL, kwa usanidi wake wa kawaida, hufunga muunganisho usiotumika kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Skripti inayofungua muunganisho mmoja inapoanza na kuutumia siku nzima haitaona kasoro katika ofisi yenye shughuli. Siku ya mapumziko ikija na saa 8 zikapita bila ujumbe, muunganisho hufungwa, na ujumbe unaofuata hukutana na kosa namba 2006 linaloeleza kuwa seva imeondoka.

Vifaa vilivyo katikati ya mtandao navyo vina saa zao. RFC 1122 ya mwaka 1989 ilielekeza kuwa ishara za uzima za TCP ziwe zimezimwa kwa kawaida, na zikiwashwa, muda wake wa kawaida usipungue saa 2. RFC 5382 ya mwaka 2008 ikavitaka vifaa vya kubadili anwani visisahau muunganisho uliokamilika kabla ya saa 2 na dakika 4, ili ishara hiyo iwahi kupita. Vifaa vingi havikufuata kiwango hicho. Kigawanya mzigo cha Amazon kiitwacho Network Load Balancer, kwa mfano, hutumia sekunde 350 kwa usanidi wake wa kawaida. Skripti inayotegemea ishara ya uzima ya saa 2 mbele ya kifaa chenye subira isiyofika dakika 6 inategemea kisichokuwapo.

Kutokana na mifano hii, utaratibu wa uchunguzi unapaswa kufuata njia ya ujumbe badala ya kuanzia kwenye tarakimu za usanidi. Kwanza, ithibitishwe kama mchakato wa skripti upo, na kama namba yake imebadilika tangu jana. Pili, kwa zana kama strace, itazamwe skripti imekwama katika wito upi: ikiwa inasoma ingizo lake la kawaida, inamngoja daemoni, ikiwa inasoma soketi, inaingoja huduma ya mbali. Tatu, utumwe ujumbe wa majaribio kwa amri ya `logger` mara tu baada ya kipindi kirefu cha ukimya, kisha wa pili, na ilinganishwe hatima ya kila mmoja. Ukipotea wa kwanza na kufika wa pili, tatizo liko katika 5.3 au 5.4. Ukichelewa mmoja mpaka mwingine ufike, tatizo liko katika 5.2.

6.0 Kurejea kwa Mkataba

Mabadiliko ya maana hayakuja kwa kurekebisha muda, bali kwa kubadili mazungumzo. Katika itifaki za mtandao mjadala huo ulianza mapema. RFC 3164 ya mwaka 2001, iliyoeleza desturi iliyokuwapo, ilikuwa ya upande mmoja: mtumaji hutuma kwa UDP na hajibiwi. Mwaka huohuo RFC 3195 ilipendekeza upelekaji wa kutegemeka. Baadaye Gerhards alibuni itifaki ya RELP kwa hoja kwamba TCP peke yake haitoshi, kwa kuwa mtumaji hujulishwa tu kuwa baiti zimepokelewa na mfumo endeshi, si kuwa ujumbe umeshughulikiwa. Hoja hiyo inalihusu bomba neno kwa neno.

Moduli ya omprog hatimaye ilipata kigezo cha `confirmMessages`. Kikiwashwa, skripti hulazimika kuandika mstari wenye neno OK inapokuwa tayari kuanza, kisha kujibu kila ujumbe. Jibu lisilo OK huhesabiwa kuwa ni kushindwa, na ujumbe hujaribiwa tena. Kigezo cha `confirmTimeout`, ambacho thamani yake ya kawaida ni milisekunde 10,000, huweka kikomo cha kungoja jibu, na skripti isiyojibu huanzishwa upya. Kigezo cha `closeTimeout`, chenye thamani ya kawaida ya milisekunde 5,000, huweka muda wa kungoja skripti ijiondoe baada ya bomba kufungwa.

Tofauti kati ya vikomo hivi na vile vilivyochambuliwa katika sehemu ya 5 si ya tarakimu. Kikomo cha uthibitisho hakipimi ukimya wa jumla. Kinapima ukimya baada ya swali. Skripti inaweza kukaa siku tatu bila ujumbe na saa hiyo isianze kuhesabu, ila ujumbe unapotumwa, jibu hudaiwa. Ufa wa kujiondoa huzibwa pia, kwa sababu ujumbe uliokufa ndani ya bomba haukupata OK na kwa hiyo bado uko mikononi mwa daemoni. Gharama ipo. Mazungumzo ya ujumbe kwa ujumbe hupunguza kasi, na ndiyo maana omprog iliongeza uwezo wa kuthibitisha jumbe kwa mafungu. Vilevile skripti iliyohifadhi ujumbe kisha ikafa kabla ya kujibu itaupokea mara ya pili. Mfumo umechagua hatari ya kurudia badala ya hatari ya kupoteza, na kwa kumbukumbu zinazotumika kama ushahidi uchaguzi huo ni sahihi.

Hata hivyo, uthibitisho haujibu swali la msimamizi wa asubuhi aliyetajwa katika utangulizi. Penye ukimya hakuna swali, na pasipo swali hakuna jibu. Jibu lake bado ni lile la mwaka 1986, ishara inayotolewa kwa makusudi. Rsyslog inayo moduli ya immark inayotoa alama kila sekunde 1,200, yaani dakika 20 zilezile za Berkeley, lakini lazima msimamizi aipakie mwenyewe. Systemd nayo ina kigezo cha `WatchdogSec`, kinachoitaka huduma itangaze uhai wake kila baada ya muda fulani, la sivyo ihesabiwe kuwa imekwama. Wazo ni lilelile, ila mwelekeo umegeuzwa: zamani daemoni ilimthibitishia msomaji kuwa yu hai, sasa mfanyakazi humthibitishia msimamizi wake.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba ukomo wa kusubiri si kipimo cha ukweli bali ni uamuzi kuhusu namna ya kuufasiri ukimya. Bomba la 1973 halikubeba saa. Syslogd ya 1986 ilitoa makubaliano kwa njia ya MARK. Daemoni zilizofuata ziliongeza uwezo wa kuzindua skripti lakini zikaacha kila skripti ifasiri ukimya kivyake, na hapo ndipo hitilafu zilipoota mizizi. Kurejea kwa uthibitisho kumehamisha uamuzi kutoka kwa skripti, ambayo haiwezi kujua kama daemoni ina ujumbe njiani, hadi kwa daemoni, ambayo inajua ni ujumbe upi haujajibiwa.

Kwa utendaji, mafunzo matatu yanajitokeza. Skripti chini ya daemoni isijiondoe kwa sababu ya ukimya peke yake pale ambapo hakuna uthibitisho. Muunganisho wa mbali uhakikiwe unapotumika, si unapofunguliwa tu. Na alama ya uzima iwashwe hata kama inachafua faili, kwa kuwa mstari mmoja kila dakika 20 ni bei ndogo kwa faili inayoweza kuthibitisha kuwa usiku ulikuwa mtulivu. Kwa watafiti wa historia ya programu lipo funzo la nne: kilichoonekana taka kwa kizazi kimoja cha wasimamizi kilikuwa nusu ya mkataba, na ilipofutwa, nusu iliyobaki haikuweza kusomeka.